Sifuri Nne

Mama mkwe wangu aligombana na mchuuzi mmoja wa samaki wa Bagamoyo kabla mimi sijaoa, na hadi leo hakuna anayejua kwa hakika nani alimwambia nani nini. Kinachojulikana ni matokeo. Samaki wa nyumba ile, wa siku ya kawaida na wa sikukuu, hutoka Feri, Dar es Salaam, ingawa wao wanaishi Kiwangwa, na ukiwa Kiwangwa bahari ya karibu ni ya Bagamoyo hiyo hiyo. Tangu nimwoe binti yake, wa sikukuu huja na mimi.

Kwa hiyo mwaka 2008, mdogo wake mke wangu alipopata mchumba na wazee wa Tanga wakataja Jumapili ya kuleta posa, hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Mke wangu alitangulia tangu Alhamisi. Akaniachia karatasi: changu kumi na sita wa sahani, kolekole wawili, barafu ya kutosha, nazi usinunue. Nyuma ya karatasi aliandika njia, maana ananijua.

"Ukitoka Bagamoyo shika ya Msata. Ukishavuka mto hesabu misikiti miwili. Wa tatu haujaezekwa, huo usiuhesabu. Mbele yake pana mwembe uliokatwa, hapo kata kushoto, uliza kwa Mpimaji."

Hebu yasome tena maelekezo hayo taratibu. Kuna msikiti ambao upo lakini hauhesabiwi, na kuna mwembe ambao haupo lakini ndio alama. Kule nilikwisha kwenda mara nne, ila mara zote nne mimi nilishika usukani tu. Njia ilikuwa imekaa kiti cha pembeni, ikisema "hapa, hapa, kata hapa, umeshapita." Na kuuliza watu barabarani sipendi. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na minne. Mtu akizoea kuuliza maswali ambayo majibu yake anayo, kuuliza asilolijua humshinda.

Nikakumbuka kisanduku.

Kisanduku kilitoka Leicester, kwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Mwaka 2007 Nokia walitoa simu yao ya N95 yenye GPS ndani kwa ndani, naye akainunua. Kipokezi chake cha zamani, cha kuwekwa pembeni na kuongea na simu kwa Bluetooth, kikabaki hakina kazi Uingereza. Basi, kama makoti na viatu vya ndugu wote walioko Ulaya, kikapata kazi Tanzania. Kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, kizito kidogo kuliko kiberiti, na taa tatu ndogo usoni. Simu yangu ilikuwa ya vitufe, yenye kioo cha ukubwa wa stempu mbili, na programu ya ramani nilikuwa nimewekewa na fundi wa Kariakoo pamoja na michezo sita ambayo sikuiomba. Kisanduku kinasikia satelaiti, simu inasimulia kilichosikika. Ndivyo nilivyoelezwa, na kwa maelezo hayo nilikiweka kwenye droo mwaka mzima, pamoja na funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea.

Jumamosi baada ya isha nikakitoa, nikakichaji, nikakaa sebuleni na kijitabu chake. Kijitabu kilikuwa na lugha kumi na mbili, na Kiswahili hakikuwamo. Nikafungua Bluetooth ya simu, nikaiamuru itafute.

Wanaokumbuka miaka ile watakumbuka pia kwamba Bluetooth ya Dar es Salaam ilikuwa baraza. Watu walirushiana nyimbo ndani ya daladala, na kila mtu aliipa simu yake jina la kumtambulisha kwa wageni. Ile ya kwangu pale Mwananyamala, usiku ule, ilileta orodha: Yanga Damu, Usiniguse, Mpole Ila Usinichokoze, Dokta wa Mapenzi, Mali ya Bimkubwa. Chini kabisa palikuwa na jina lisiloeleweka, BT-GPS na tarakimu kadhaa, ambalo nililiona kuwa la simu mbovu ya mtu. Nikatafuta tena. Dokta wa Mapenzi akapanda akawa wa kwanza. Nikampigia shemeji Leicester.

"Jina lolote lile lenye GPS, hilo hilo," akasema. "Ikikuuliza namba ya siri, weka sifuri nne." Kisha salio langu likaisha.

Sasa mimi ni mwalimu wa lugha, na naomba haki itendeke. Mtu akikwambia "weka sukari mbili", unaweka vijiko viwili. Lakini akikwambia "weka sifuri nne" unapoulizwa namba, wewe unaandika nini? Niliandika sifuri, halafu nne. 04. Ikakataa. Nikafikiri labda inataka tarakimu zaidi, nikaandika 004, kisha 0004. Ikakataa kwa heshima ile ile. Nikaandika 40, kwa kuwa Leicester wanaendesha magari upande ule ule kama sisi lakini mengine huenda wanayasoma kinyume. Katikati ya vurugu hizo kidole kikateleza, ombi likaenda kwa Dokta wa Mapenzi. Sikulitambua hilo hadi Jumatatu shuleni, kijana mmoja wa kidato cha tatu, anayeishi nyumba tatu kutoka kwangu, aliponipa shikamoo ya kuvuta na kuniambia kwa adabu kubwa, "Mwalimu, juzi usiku Bluetooth yako ilinitafuta."

Ilipata saa nne na nusu ndipo nilipoandika sifuri mara nne, tena kwa hasira, si kwa akili. Taa ya bluu ikaanza kupepesa. Tumeunganishwa.

Lakini kuunganishwa na kisanduku ni jambo moja, na kisanduku kuunganishwa na mbingu ni jingine. Programu ya simu ilikuwa na ukurasa unaoonyesha kinachotoka kwenye kipokezi, mistari inayoanza na alama ya dola, $GPGGA, $GPRMC, ikifuatwa na makoma mengi yasiyo na kitu katikati. Wataalamu wanaiita mistari hiyo sentensi. Nilikaa nikaitazama. Haina kiima, haina kiarifu, na makoma yamejaa kama insha ya mwanafunzi aliyeambiwa kwamba koma haina gharama. Katikati ya sentensi moja palikuwa na herufi V peke yake. Kijitabu kilisema V maana yake habari hii ni batili, na ikigeuka A ndipo uiamini. V ikakaa hapo. Nikapika chai. V.

Kosa lilikuwa juu ya kichwa changu, nalo ni bati. Satelaiti za GPS ziko kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake yakifika chini yamechoka kiasi kwamba bati la geji ya kawaida kabisa linayazuia. Kingine, ambacho shemeji alinieleza baadaye, ni kwamba kipokezi kikizimwa hukumbuka kililala wapi. Changu kililala Leicester. Kiliamka Mwananyamala kikitafuta satelaiti za anga la Uingereza, kama mgeni anayepapasa swichi ya taa upande ambao kwao ndiko ilipo. Inabidi kikate tamaa kwanza, kisha kisikilize upya ratiba ya satelaiti zote, ambayo hutangazwa polepole sana. Kuisikia nzima ni dakika 12 na nusu, kama hakuna kilichokatiza.

Nikatoka uani. Nikakinyanyua kisanduku juu kwa mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, macho kwenye V. Pale uani mwembe wa jirani unaziba nusu ya anga, nikahamia kwenye simtanki, nikapanda juu ya tofali lake. Nilikuwa na msuli na fulana. Saa tano kasoro, mtaa umenyamaza, nami nimesimama juu ya tofali nimenyoosha mkono mbinguni, na kwenye ncha ya mkono kuna taa ya bluu inayopepesa.

Dirisha la jirani likafunguliwa. Nikasikia sauti ya mama mwenye nyumba ikimwambia mtu ndani, "Amka, njoo uone mwanga."

Na mimi kwa uungwana wangu nikajibu, "Mwanga wa kawaida tu huu, mama, ni wa simu!"

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Nilikuwa nimekwisha kurudi ndani ndipo nilipokumbuka kwamba neno hilo lina maana mbili, na kwamba kwa saa ile na kwa mkao ule, mama hakuwa anazungumzia taa. Watu wa bara wasiolijua wajue tu kwamba wanga hutoka usiku, na kwa kawaida hawavai fulana.

Lakini V ilikuwa imegeuka A. Digrii sita na dakika arobaini na saba kusini, digrii thelathini na tisa na dakika kumi na tano mashariki. Mitambo ya jeshi la Marekani iliyo juu ya dunia ilikuwa imenihakikishia kwamba niko Mwananyamala.

Sasa nilihitaji kuiambia ninakokwenda. Ramani ile haikuijua Kiwangwa. Ilikuwa na mipaka ya nchi zote duniani, miji mikubwa, na kwa Tanzania barabara kuu chache zilizochorwa na mtu mwenye haraka. Kwingine kote ni kweupe. Lakini baba mkwe wangu ndiye huyo anayeitwa Mpimaji. Alipima ardhi serikalini tangu akiwa kijana hadi kustaafu, na nyumbani kwake, kwenye ukuta ambao wengine huweka picha ya harusi, ameweka ramani ya wilaya. Nilimpigia asubuhi na mapema baada ya swala ya alfajiri. Nadhani hakuna siku niliyowahi kumfurahisha kama ile. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu yote niliuliza swali la mtu mwenye akili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Chukua kalamu. Nakusomea kutoka kwenye ramani, si kwa kukisia." Akanisomea digrii, dakika na sekunde, polepole, kama anayesoma wosia. "Ya kwanza ni K. Ya pili ni M. Umeandika?"

"Nimeandika baba."

K na M. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuliona hili. Kiswahili, lugha yenye neno la kila hatua ya kukua kwa nazi, kimegawa pande nne za dunia kwa herufi mbili. Kaskazini ni K, kusini ni K. Mashariki ni M, magharibi ni M. Ukitaka kuzitofautisha kwa herufi mbili, kaskazini na kusini zote zina s yake, na mtu mvivu ataandika Ks halafu akuachie wewe na Mungu. Mabaharia wetu walienda Uarabuni na kurudi kwa karne nyingi, na nashukuru kwamba walitumia nyota wala hawakuandikiana vikaratasi.

Niliingiza namba kwenye simu. Simu yenyewe, iliyotengenezwa na watu wa nusu ya juu ya dunia, huweka N bila kuulizwa. Sikuigusa.

Feri tulifika saa moja, mimi na mpwa wangu wa kidato cha pili, niliyemchukua ili ashike simu. Mnada ulikuwa umechangamka. Tukapata changu kumi na sita, macho maangavu, na kolekole wawili wa kujivunia. Tukawalaza kwenye deli, tukamwaga barafu, tukafunga buti. Kisanduku nikakibandika juu ya dashibodi kwa gundi ya karatasi. Mpwa akafungua programu. Kimya kidogo.

"Mjomba, inasema kilomita elfu moja na mia nne na ushei."

"Soma vizuri."

"Nimesoma. Mshale unaelekea kaskazini moja kwa moja. Mjomba, samaki hawa ni wa Ethiopia?"

Nikaichukua. Kweli, ncha ya safari ilikuwa kusini mwa Ethiopia, kule kwenye milima inakolimwa kahawa. Ndiyo hesabu yake: digrii sita kusini ya ikweta ukiziandika kaskazini, unavuka ikweta na kutokea upande wa pili kama nguo iliyogeuzwa. Nikaenda kwenye herufi kurekebisha, lakini vitufe vya simu ile vilikuwa vidogo na kidole changu ni cha mwalimu wa chaki. Nikageuza M badala ya K. Safari ikahamia katikati ya Bahari ya Atlantiki.

"Huku angalau samaki watakuwa kwao," mpwa akasema.

Nikageuza K. Tukawa kaskazini-mashariki mwa Brazil, jimbo la Ceará. Muuza barafu, aliyekuwa ameegemea dirisha la gari kwa muda wote huo bila kualikwa, akauliza kama Brazil tunapitia Chalinze. Nikageuza M tena. Kiwangwa. Chini ya kilomita mia moja. Mibonyezo mitatu, mabara mawili na bahari, na injini ilikuwa haijawashwa bado.

Hadi Tegeta tulikwenda vizuri sana, kwa kuwa hadi Tegeta njia naijua. Boko, Bunju, Mapinga. Mpwa alikuwa akitangaza kilomita zinavyopungua, nami nilikuwa nimeanza kuandaa kichwani namna nitakavyomwambia mke wangu kwamba karatasi yake sikuifungua. Ila kulikuwa na jambo sikulielewa. Programu isipokuwa na barabara kwenye ramani yake haiwezi kukuongoza kwa barabara. Inachofanya ni kuchora mstari ulionyooka kutoka ulipo hadi uendako, na kukuelekezea mshale. Ni njia ya kunguru. Tulipofika Kerege mshale ulikuwa umelala kushoto kabisa.

"Mjomba, kushoto."

"Bagamoyo iko mbele."

"Mshale unasema kushoto."

Nikatazama kushoto. Palikuwa na njia, ya vumbi lakini njia. Nikajiambia kwamba hii ndiyo faida yenyewe ya satelaiti, inaona njia za mkato ambazo mke wangu hazijui. Nikakata.

Sitaielezea njia ile. Ilianza na upana wa lori, ikawa ya gari, ikawa ya pikipiki, ikawa ya mbuzi, na ilipokuwa ya mtu mmoja mwembamba tukatokea kwenye shamba la mihogo. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akainuka, akatutazama, akaitazama namba ya gari. Mpwa akanyoosha mkono mbele akasema kilomita zilizobaki si nyingi, ni kunyoosha tu. Mama akasema ndiyo, ni kunyoosha tu, ila kati yenu na huko kuna Mto Ruvu, na msimu huu mto una mamba. Halafu, bila kuulizwa, akatuelekeza: rudini mlikotoka, mkifika kwenye lami kateni kushoto, mkifika Bagamoyo ulizeni ya Msata. Yote kwa pumzi moja, na jembe mkononi. Kugeuza gari pale kulichukua nusu saa na mashina saba ya mihogo, niliyoyalipia. Barafu ilianza kuongea ndani ya deli, chwa, chwa, kila tulipopita shimo.

Tulipoingia njia ya Msata, ambayo wakati huo haikuwa na lami, taa ya bluu ya kisanduku ikawa nyekundu. Nilikuwa na waya wa kuchajia kwenye tundu la kiwashio cha sigara, na kiwashio hicho kimekufa tangu mwenye gari wa kwanza. Simu nayo ilikuwa na vijiti viwili vya chaji, kisha kimoja. Tukavuka mto. Mpwa akawa kimya kwa namna iliyonitia shaka. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Unafanya nini?"

"Hakuna, mjomba."

"Unahesabu misikiti?"

Akanyamaza. Karatasi ya mke wangu ilikuwa chini ya paja lake tangu Feri.

"Wawili tayari," akasema taratibu. "Ule pale haujaezekwa. Mjomba, mwembe uliokatwa ni huu."

Na kweli kulikuwa na kisiki, kipana kama meza, na watoto wawili wamekaa juu yake wakila nanasi. Lakini mshale ulisema bado kidogo mbele, na baada ya Ethiopia, Brazil na mihogo sikuwa mtu wa kuuacha mshale kwa ajili ya kisiki. Nikaenda mbele. Mita mia tatu baadaye njia ndogo ikaingia kushoto, nikaingia nayo, na katikati ya shamba la mananasi simu ikalia. Umbali uliobaki, sifuri. Kisha mshale ukaanza kuzunguka kama kuku aliyechinjwa, maana ukisimama, kipokezi hakijui tena umeelekea wapi. Kisha simu ikazima.

Hakukuwa na nyumba. Mananasi pande zote, yameiva, yananukia, na harufu yake ikipambana na harufu nyingine iliyoanza kutoka kwenye buti. Nikang'oa kisanduku kwenye dashibodi, nikatoka, nikakinyanyua juu. Sijui kwa nini. Ilikuwa imeshakuwa tabia.

"Wewe! Unapima nini?"

Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye tuta, panga mkononi, kofia ya ukili kichwani. Nikampa shikamoo. Hakuipokea.

"Amekutuma Mpimaji, siyo? Mwambie bikoni ipo pale pale. Hata alete mashine ya Ulaya, bikoni sikuihamisha."

Nikajieleza. Nikamwambia mimi ni mkwe, nimeleta samaki, na kifaa hiki ni cha kunionyesha njia. Akanitazama, akakitazama kisanduku, akatazama nilipo, katikati ya mananasi yake, tena mbali na njia yoyote inayokwenda popote. Nilikubaliana naye moyoni kwamba maelezo yangu yalikuwa dhaifu. Ni harufu iliyoniokoa. Upepo uligeuka, akainua pua, akasema, "Hao ni wa kutoka Feri. Pita kule chini, unaona bati jipya? Ndiko kwake. Na mkanyage katikati ya matuta."

Wageni wa Tanga walikuwa wamefika saa nzima kabla yetu. Walishuka kwa barabara ya Segera na Msata, na walipokaribia wakamwuliza mtoto mmoja juu ya kisiki. Mke wangu alinipokea bila neno, akaitoa karatasi yake kwenye mkono wa mpwa, akaikunja, akaiweka kifuani. Mama mkwe akafungua deli. Akamgeuza changu wa kwanza, akamtazama jicho, akambonyeza, akamnusa. "Hawa si wa kupaka tena," akasema. "Hawa wa kukaanga, tena wakaangwe sana." Kolekole walipona, kwa kuwa walilala chini kabisa, kwenye maji.

Baba mkwe alinivuta pembeni kabla sijanawa mikono. Hakuuliza habari za samaki.

"Umetokea kwa yule bwana?"

"Ndiyo baba."

"Mita mia mbili na ushei kaskazini ya hapa. Na magharibi kidogo, mita tisini, mia." Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata barua kutoka kwa rafiki wa zamani. "Kifaa chako kinatumia WGS 84. Ramani yangu ni ya Arc 1960. Hukukibadilisha."

Akanikalisha chini ya mti, huku posa ikisomwa ndani, akanieleza. Ramani zile za zamani zilijengwa juu ya vipimo vya pembetatu zilizoshikana kufuata meridiani ya 30, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kilima kwa kilima, kwa theodolaiti na macho ya watu. Umbo la dunia walilolitumia ni lile alilolikokotoa Mwingereza Clarke mwaka 1880. Wamarekani na satelaiti zao wana umbo jingine na kitovu kingine. Namba zile zile, ukizisoma kwa umbo lisilo lake, zinakuweka shamba la jirani. "Kwa hiyo mimi sikukosea," akasema, "na mashine haikukosea." Akaacha sentensi hapo. Ilikuwa na kiima na kiarifu, na ilinitosha.

Posa ilikubaliwa. Kisanduku akakiomba akitazame. Nilimwonyesha namna ya kukichaji, namna ya kukitoa nje kisikilize, nikamwachia na simu ya zamani ya mke wangu ya kukisomea, na namba ya siri nikamwandikia kwenye karatasi tarakimu zote nne, moja moja. Nilimweleza pia kwamba kifaa cha namna ile kinaweza kukosea mita kumi hivi, na kwamba kwa ugomvi wa bikoni inayodaiwa kusogea mita nne hakifai. Akasema anajua. Alipima ardhi kabla sijazaliwa.

Ikapita miezi kadhaa tangu harusi. Kila nilipompigia alisema bado anakichunguza. Siku moja akanipigia mama mkwe, jambo asilolifanya ila kwa habari ya samaki.

"Mwanangu, hujambo? Sikiliza. Jumapili ukija, chukua na hicho kitu chako."

"Kimeharibika mama?"

"Hakijaharibika. Baba yako usiku anatoka nacho mpakani na msuli wake, anakinyanyua juu, kinamulika bluu." Akashusha sauti. "Kwa yule bwana wameshaanza kufunga madirisha."